Jeki ya Gari la Wagonjwa

Kwa miaka ishirini na mitano Mtoro Ishaka aliendesha gari la wagonjwa la zahanati moja iliyo mbele kidogo ya Kiwangwa, kwenye barabara inayotoka Bagamoyo kwenda Msata. Lilikuwa Landikruza jeupe, refu, lenye machela nyuma na benchi moja la muuguzi.

Kila alfajiri, akitoka msikitini, hakupitia nyumbani kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akavua kanzu na kubaki na suruali yake ya kazi, akawasha tochi. Alianzia gurudumu la mbele la kulia. Aliinama akalipapasa tairi kwa kiganja kizima akitafuta mkato au msumari, kisha akagonga nati moja moja kwa spana na kusikiliza mlio wake. Akishamaliza magurudumu yote manne alijilaza chali mchangani, achungulie kama kuna tone la oili au la mafuta ya breki. Alipima maji ya rejeta. Alibonyeza mkanda wa feni. Aliwasha taa akaenda nyuma kuzitazama, akapiga honi mara moja, fupi, na wanawake wa nyumba za jirani wakajua kumekucha. Mwisho kabisa alifungua kisanduku kilicho nyuma, chini ya benchi la muuguzi, akaitoa jeki, akaizungusha mpaka ikasimama kimo chake chote, akaishusha tena, akairudisha. Hapo ndipo alipotia saini kwenye daftari la gari.

Madereva wenzake walimtania. "Bwana Mtoro, hilo ni gari au bibi harusi?"

Naye alicheka pamoja nao. Lakini mtu akimsifu kwa dhati, akamwambia kwamba dereva makini kama yeye hapatikani pwani yote hii, Mtoro aliangalia chini na kutafuta kisingizio cha kuondoka. Alijua umakini ule ulikotoka, na alidhani hakuna mwingine aliyejua.

Ilikuwa mwaka 2005, mwezi wa tano, barabara ya Msata ingali ya vumbi na mashimo. Mtoro alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, hodari wa usukani, na kama madereva wengi hodari, aliamini kwamba gari likiwaka basi ni zima. Siku tatu kabla, binamu yake Shamsudin wa Makurunge alimwomba amwazime jeki ya gari la wagonjwa ainulie kigari chake. Mtoro alimpa, akasema, "Uirudishe kesho." Kesho ikapita, Mtoro akasahau. Usiku wa kuamkia Ijumaa alikuwa harusini Mbegani, akarudi amechoka, akaamka jua limekwisha panda.

Saa nne asubuhi muuguzi Hafidha alitoka mbio chumba cha wazazi. "Mtoro, washa gari! Mtoto ametanguliza matako na mama anaishiwa nguvu. Mimi hapa siwezi tena. Twende Bagamoyo."

Mama mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, jina lake Zaina, na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Walimlaza kwenye machela. Mtoro alirukia usukani, akaondoka bila hata kulizunguka gari mara moja.

Walikuwa wamekwisha ipita Kiwangwa, pale penye pori, pasipo na nyumba wala duka, tairi la nyuma la kushoto lilipopasuka. Gari liliyumba, akalishika, likasimama ubavu barabarani. Alishuka. Hakuwa na wasiwasi. Tairi la akiba lilikuwepo na lilikuwa na upepo wa kutosha. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akafunua kile kisanduku. Kulikuwa na spana na matambara. Jeki haikuwepo.

Alisimama akikitazama kile kisanduku. Ndipo alipokumbuka. Maneno yakamtoka bila mwenyewe kukusudia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeota: "Jeki iko kwa Shamsudin. Mtoro, umeua mtu."

Hafidha alikuwa mbele, anatafuta chupa ya maji. "Vipi?" aliuliza. "Kuna nini?"

"Jeki," Mtoro alijibu. "Jeki haipo. Wameiba."

Neno lile lilitoka jepesi. Hakulipanga. Kisha akaanza kukimbia kuelekea Makurunge, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya ila kukimbia mpaka akutane na mtu mwenye gari. Kandambili moja ilikatika ukanda akaitupa, ya pili akaitupa pia, akaendelea peku juu ya kokoto zilizopata moto wa jua. Alikimbia huku akiomba. Aliahidi mambo mengi kwa Mola wake kwenye ile njia, na mengine hakuweza kuyakumbuka baadaye.

Baada ya kama kilomita mbili aliona vumbi mbele. Ilikuwa Kanta, lori dogo lenye matenga matupu, inakwenda Kiwangwa kuchukua mananasi. Dereva wake alikuwa kijana wa Pangani aitwaye Mikdad. Hakumwacha Mtoro amalize maneno.

"Panda, mzee. Jeki ninayo."

Walilibadilisha tairi kwa dakika chache, Mikdad akiinua, Mtoro akifungua nati. Alipolivuta tairi lililopasuka aliona mkato mrefu ubavuni, na kingo za ule mkato zilikuwa zimejaa vumbi la zamani. Haukuwa wa siku ile. Ulikuwapo tangu juzi, labda tangu juma lililopita; mtu yeyote ambaye angeinama angeuona.

Mikdad aligeuza Kanta yake. "Nenda," alimwambia. "Mimi nakufuata nyuma mpaka hospitali, lisije likakusumbua tena." Akamfuata kweli, akayaacha mananasi yake yamsubiri, na hakuondoka mpaka machela ilipoingizwa ndani. Mtoro hakusahau. Baadaye alimtafuta mpaka akaipata namba yake, na mpaka leo kila Idi humpigia simu kumuuliza hali ya nyumbani kwake.

Zaina alipasuliwa. Mtoto wa kike alitoka kimya, wakamhangaikia, kisha akalia. Daktari alipotoka alijifuta uso, akamwambia Hafidha, "Mngekawia nusu saa nyingine, tungekuwa tunazungumza mengine hapa." Mtoro alikuwa ameegemea ukuta, nyayo zake zinavuja damu. Alilisikia neno lile, akateremka mpaka chini akakaa sakafuni. Watu walidhani ni uchovu.

Mtoto aliitwa Nadhira.

Kijijini habari zilitangulia. Dereva amekimbia peku mpaka miguu imechanika ili kumwokoa mzazi! Serikali ya kijiji ilimwandikia cheti cha shukrani, mkewe akakitia fremu na kukitundika sebuleni. Mtoro alibadilisha mahali pa kiti chake ili akikaa akipe mgongo.

Hilo angeweza kulivumilia. Lakini jeki ilikuwa mali ya zahanati, na kama imeibwa, basi kuna mwizi. Usiku gari lililindwa na mtu mmoja tu, Mwinjuma, mtu mpole wa makamo, aliyekaa kijijini pale tangu utoto. Kamati ya zahanati ilimwita. Walimwambia ama ameichukua yeye, ama amelala ikachukuliwa, na yote mawili ni mabaya. Mwinjuma aliapa. Mtoro alikuwepo kwenye kikao kile. Alisema tu, "Mimi simshuku mtu," akaona kwamba amejitahidi. Mwinjuma aliachishwa kazi. Mwezi haukuisha, alifunga mizigo akahamia Ubena kwa shemeji yake.

Shamsudin aliileta jeki wiki moja baada ya kikao kile. Mtoro aliipokea usiku, na safari ya kwanza ya kwenda Bagamoyo, alipofika daraja la Ruvu, alisimamisha gari akaitupa mtoni.

Tangu wakati huo alianza kulizunguka gari kila alfajiri. Hakuna aliyemwagiza. Katika miaka iliyofuata aligundua mpira wa breki uliolika kabla haujakatika, nati mbili zilizolegea siku ya mvua kubwa, taa ya nyuma iliyokufa, na mara moja nyoka aliyejikunja juu ya injini kutafuta joto. Hakuna mgonjwa mwingine aliyewahi kukwama njiani mikononi mwake. Kila aliporudi salama aligusa boneti na kusema alhamdulillahi.

Mwaka 2024 alitimiza miaka sitini, akastaafu. Walimwandalia pilau uani pa zahanati. Hafidha, ambaye sasa alikuwa muuguzi mkuu mwenye miwani na wajukuu, alisoma risala. Kisha akasimama Zaina. Alikuja na tenga la mananasi, kama alivyokuwa akimpelekea karibu kila msimu, na pamoja naye Nadhira, msichana mrefu wa miaka kumi na tisa anayesomea uvuvi Mbegani.

"Shikamoo, babu," Nadhira alisema, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mama huniambia pumzi zangu zilipitia kwenye miguu yako."

Watu walipiga makofi. Mtoro hakuweza kula pilau ile. Alirudi nyumbani akakaa kitandani, na mkewe alipomuuliza, alimsimulia yote tangu mwanzo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda sebuleni, akakiteremsha kile cheti.

"Nenda kwa Zaina," alisema. "Hiki hakirudi ukutani mpaka uende."

Siku ya pili Mtoro alipanda bodaboda mpaka nyumbani kwa Zaina, Kiwangwa. Alimkuta uani anaanika ufuta. Baada ya salamu, alikataa kiti, akakaa ukingoni mwa mkeka.

"Mama Nadhira, nimekuja kukuomba radhi. Siku ile jeki haikuibwa. Niliiazimisha mimi mwenyewe, nikasahau. Na tairi lilikuwa na mkato, sikulitazama. Kidogo nikuue wewe na mwanao, halafu mkanipa cheti."

Zaina aliendelea kuusambaza ufuta kwa kiganja. Hakushtuka.

"Iko kwa Shamsudin," alisema.

Mtoro aliinua uso.

"Ulisema hivyo mlangoni. Mimi nilikuwa nimelala pale pale, mzee Mtoro, kichwa changu kiko hapa na wewe uko pale. Uchungu hauzibi masikio. Nilikusikia uliposema umeua mtu. Kisha nikakusikia ukimwambia Nesi kwamba wameiba."

"Ulijua?" Mtoro aliuliza. "Miaka yote hii? Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuniambia?"

Zaina aliketi, akanyoosha miguu, akajifuta mikono kwa khanga.

"Nisikufiche. Nilikuchukia. Miaka miwili nzima nikikuona njiani nageuza uso, wewe ukadhani ni haya. Siku moja Nadhira alishikwa na homa kali, nikamleta zahanati kabla hakujapambazuka. Nikakuona umelala chini ya gari na tochi mdomoni. Nikakaa na mtoto wangu pale barazani, nikakutazama mpaka mwisho. Ulipoitoa ile jeki mpya ukaizungusha juu, ukaishusha, nikaona unajifuta macho. Nikarudi siku nyingine makusudi, sina mgonjwa wala nini, nikakukuta vile vile. Na nyingine. Nikasema moyoni, huyu bwana hajasahau, na kila mgonjwa anayepanda gari hili anafaidika kwa kutosahau kwake. Siku ile nikakusamehe. Mananasi uliyoyapata yote yalikuja baada ya hapo, kumbuka vizuri."

Mtoro alikumbuka. Kweli, miaka ile ya mwanzo hapakuwa na tenga. Alilia mbele ya mwanamke yule bila kuona aibu, na Zaina alimwacha alie, akaenda ndani kumletea maji.

Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwangu umemaliza," alisema. "Na mimi nina langu, maana nilinyamaza. Lakini Mwinjuma hakupanda gari lile, wala hakuazimisha kitu. Kwake bado."

Hakukawia. Jumatano Mtoro alipanda basi mpaka Msata, akabadilisha kwenda Chalinze, akaendelea mpaka Ubena. Haikuwa vigumu kumpata Mwinjuma; aliulizwa mtu wa kwanza kando ya barabara kuu akaelekeza kwa kidole. Alikuwa na shamba la muhogo nyuma ya nyumba ya matofali, na mkewe akiuza chai kwa madereva wa malori. Sasa alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, mwembamba, bado mpole. Alikuwa amekaa kigodani anamenya muhogo.

"Shikamoo, kaka Mwinjuma."

"Marahaba. Karibu." Alimtazama kidogo. "Mtoro. Gari limekuharibikia?"

"Sikuja na gari."

Alimweleza akiwa amesimama, maana miguu ilikataa kukaa. Mwinjuma hakuacha kumenya. Alimaliza muhogo mmoja, akauweka kwenye sinia, akachukua mwingine. Mtoro aliposema habari ya kuitupa jeki mtoni, kisu kilisimama.

"Mama yangu alifariki mwaka 2009," Mwinjuma alisema. "Alikuwa akiniuliza, mwanangu, kweli hukuichukua? Namwambia, wallahi mama sikuichukua. Anasema, nimekuamini. Akikaa miezi miwili ananiuliza tena."

Mtoro hakuweza kumtazama.

"Hilo huwezi kulirudisha," Mwinjuma aliendelea, bila ukali. "Sikwambii ili uumie. Nakwambia ili ulijue, kwa sababu lilikuwa letu wawili na mimi nimelibeba peke yangu." Alikigeuza kisu mkononi. "Kazi yenyewe sikuililia. Hapa nimepata shamba, watoto wamesoma. Jina langu ndilo lililobaki kule. Mtu wa kule akipita hapa kunywa chai, mimi huingia ndani."

"Niambie unataka nifanye nini."

"Yaliyosemwa kule, yasemwe kule. Mimi nikiwepo."

"Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

"Hapana. Ijumaa nitakuja kwa miguu yangu. Wewe utanisubiri kituoni."

Kisha akamwita mkewe alete chai, vikombe viwili. Mtoro alipoona vikombe ni viwili, ndipo miguu ilipokubali kukaa.

Ijumaa ile msikiti ulijaa kama Ijumaa nyingine. Baada ya sala imamu aliwaomba watu wasitawanyike. Mtoro alisimama safu ya mbele, Mwinjuma akiwa amekaa karibu naye kwa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Nje ya dirisha la wanawake walikaa Hafidha na Zaina.

Mtoro hakuzungusha maneno. Alisema jeki ya mwaka ule aliiazimisha yeye, akasema kwa nani, akasema aliitupa wapi. Alisema hakulikagua gari siku ile kwa sababu ya uvivu na kiburi, na kwamba alimwacha ndugu yake achafuliwe jina huku yeye akipewa cheti. "Mzee Mwinjuma hakuiba, hakulala. Mwongo nilikuwa mimi. Namwomba radhi mbele yenu, na nyinyi pia mmwombe."

Wazee wawili wa ile kamati ya zamani walikuwa bado hai. Mmoja aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamwanguka. Imamu alimtazama Mwinjuma.

Mwinjuma aliinuka taratibu, mkono mmoja umeshika nguzo. "Nimemsamehe," alisema. "Namshukuru Mungu amenijalia kuyasikia haya nikiwa na masikio yangu. Wapo wanaosafishwa jina wakiwa kaburini." Kisha akaongeza, "Na mama yangu amesikia, inshallah."

Wa kwanza kuinuka kumpa mkono alikuwa yule mzee wa kamati. Baada yake ikawa foleni, mpaka nje kwenye viatu.

Mwinjuma alikusudia kurudi Ubena siku hiyo hiyo, hakuachiwa. Alilala nyumbani kwa Mtoro siku tatu. Watu waliokuwa watoto alipoondoka walikuja na watoto wao kumwamkia. Sahani za wali, samaki na maandazi ziliingia kutoka nyumba hii na ile mpaka mke wa Mtoro akakosa pa kuziweka. Zaina alimpigia magoti, akamwomba radhi kwa kunyamaza kwake. Mwinjuma alimwinua, akamuuliza Nadhira huko Mbegani wanafundishwa nini hasa, maana samaki yeye anawajua sahanini tu. Kicheko kilichotoka barazani pale kilisikika mpaka barabarani.

Mtoro hakukaa na wageni. Alishika birika na beseni, akapita kwa mmoja mmoja akiwamwagia maji ya kunawa mikono, kazi ambayo kwa kawaida mwenye nyumba wa umri wake humwachia mtu mwingine. Alipomfikia Mwinjuma aliinama zaidi. Mzee alinyoosha mikono, maji yakateremka. Ndani ya kifua Mtoro alisikia wepesi ambao hakuujua tangu ujana wake, akamshukuru Mola wake kwa watu aliopewa kuishi nao, akaenda jikoni kujaza birika.